Kiyoyozi Kinapovuja na Ukuta Kuota Kuvu

Mama mwenzetu, je, umewahi kusogeza kabati la nguo ili ufagie, ukakuta ukuta wa nyuma umekuwa mweusi? Sisi yalitukuta wakati wa masika, hapa Dar es Salaam. Kitinda mimba wetu, ambaye ana pumu, alikuwa akikohoa usiku kucha kwa wiki nzima. Tulidhani ni mafua, tukamfunika vizuri na kufunga madirisha. Kumbe tulikuwa tunamfungia ndani pamoja na kuvu!

Tulikimbilia dawa ya madoa, tukapangusa, ukuta ukang'aa. Siku ya nne weusi ulikuwa umerudi. Tulikuwa tumefuta kuvu lakini maji tumeyaacha.

Maji hayo hutoka katika hewa ya chumba. Hewa yenye unyevu ikigusa vyuma vya baridi ndani ya kiyoyozi hutoa matone, kama glasi ya maji ya barafu inavyotoa jasho. Matone huangukia kwenye kisinia, kisha hutoka nje kwa mpira. Mpira ukiziba, maji hurudi na kuteremka ukutani kimyakimya. Na kuvu hahitaji muda mrefu. Siku moja au mbili za unyevu zamtosha.

Fundi alituahidi Jumatatu. Akaja Jumatano ya wiki iliyofuata. Basi tufanye nini katika siku hizo za kungoja?

Kwanza tulizima kiyoyozi kwenye swichi ya ukutani. Ndiyo, joto la Dar tunalijua! Lakini kila saa kinapofanya kazi ni maji mengine ukutani. Pili, mtoto alihamia sebuleni usiku uleule, nasi asubuhi tukampeleka kwa daktari, maana kuvu huamsha pumu. Godoro lake lilikuwa limelowa na kuota kuvu hadi ndani. Tuliona uchungu, lakini tulilitupa. Jua haliwezi kutoa kilichoingia ndani ya sponji.

Ndipo tukarudi ukutani. Usisugue kuvu akiwa mkavu, wala usiwashe feni kabla hujamwosha, kwani vumbi lake litasambaa nyumba nzima. Tulifunga mlango, tukafungua dirisha, tukavaa barakoa na glavu, tukalowanisha ukuta kwanza kisha tukauosha kwa maji ya sabuni. Ukitumia dawa ya klorini ya kutolea madoa, kikombe kimoja katika lita nne za maji chatosha. Tafadhali usiichanganye kamwe na siki, amonia wala dawa ya kuoshea choo! Hewa inayotoka hapo ni sumu, na wewe umejifungia nayo. Mwenye pumu asishike kazi hii.

Baada ya kuosha, ndipo feni ikawashwa kuelekea ukutani, na madirisha tukawa tunayafungua kila mvua ilipokatika. Kabati tuliliacha mbali na ukuta ili hewa ipite.

Doa letu lilikuwa na ukubwa wa sinia la pilau. Kama lako linazidi mita moja kwa mita moja, au plasta imevimba na kubanduka, usihangaike peke yako.

Baba watoto naye alikuja na kopo la rangi, kwa sababu shangazi yake alikuwa njiani kutoka Tanga. (Wanaume na rangi!) Tulimwomba asubiri. Rangi juu ya ukuta wenye unyevu hubanduka, na kuvu huendelea chini yake.

Fundi alipofika alichomoa mpira, akautoa donge la ute mweusi kama uji ulioungua. Akaona pia kwamba ulilazwa bila mteremko, akaurekebisha, akaosha na chujio lililojaa vumbi.

Ukuta bado unakauka. Mtoto angali analala sebuleni, na shangazi tumempa chumba cha wasichana.