Nguo za Mnovisi Zisitupwe



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili hapa Itumba, niliwasikia wazee wawili wakimcheka kijana aliyerudi nyumbani baada ya miezi minane ya unovisi. "Utawa umemshinda," walisema, kisha wakahesabu kwa vidole parokia zenye watawa wengi kuliko yetu. Nilipita bila kuwajibu, nami nimejuta juma zima. Jibu langu ni hili.

Anayedhani kwamba jumuiya ya kitawa hukua kwa kuwanasa vijana na kuwafungia milango, na aitazame Monte Cassino, ambako Mt. Benedikto alihamia mnamo mwaka 529. Kanuni yake, sura ya 58, yaagiza kwamba abishaye hodi asifunguliwe upesi: avumilie mlangoni siku nne au tano. Akipokelewa, husomewa Kanuni nzima mara tatu katika mwaka mmoja, naye huambiwa waziwazi kwamba akiona hawezi kuishika, yu huru kwenda zake. Uhuru huo umo ndani ya Kanuni yenyewe. Haukuletwa na vijana wa siku hizi! Hata baada ya nadhiri, nguo alizokuja nazo hutunzwa, ili akitoka arudishiwe. Ni kweli, Benedikto aona kwamba anayetoka wakati huo amemsikiliza shetani. Hata hivyo, nguo zake hazichomwi.

Je, mlango mzito namna hiyo ulizaa nini? Mnamo mwaka 580 Walombardi waliiteketeza monasteri, watawa wakakimbilia Roma, na kilima kikabaki bila jumuiya hadi Petronaksi alipoijenga upya mnamo 717. Wahesabuji wetu wa vidole, wangefika pale mwaka 650, wangeandika sifuri. Lakini katika karne hiyohiyo ya 7 Kanuni ilikuwa ikifuatwa huko Galia na Uingereza, na watu ambao hawakukiona kilima kile kamwe.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Peramiho, misheni iliyoanzishwa mwaka 1898, ilichomwa moto wakati wa vita vya Maji Maji mwaka 1905. Kutoka Peramiho hiyohiyo ilizaliwa Hanga mwaka 1957, na kutoka Hanga ikazaliwa Mvimwa, kule Rukwa, mwaka 1979. Mtu aliyesimama juu ya majivu yale ya 1905 angehesabu nini?

Tena nauliza: ni nani kati yetu angependa mwanawe aweke nadhiri kwa sababu tu anaogopa kuchekwa kanisani? Mtawa wa namna hiyo huongeza idadi mezani, na jumuiya humbeba miaka arobaini.

Kijana wetu sasa anamsaidia mama yake kuchuma kahawa. Nimemwomba Jumapili ijayo asome somo la kwanza, naye amekubali. Wazee wale wawili hukaa benchi la mbele.