Nuru Inayofichwa na Jua

Tarehe 2 Agosti 2027, inshaallah, kivuli cha mwezi kitapita juu ya Makka mchana, na jua litafichika kabisa kwa takriban dakika 5. Sisi wa pwani ya Kenya tutaliona limemegwa tu. Wakati waumini wamo katika swala ya kusufu, wataalamu wa anga nao huwa na shughuli yao, nayo haitajwi sana majumbani mwetu.

Anga hii ina nuru yake yenyewe, isiyo ya nyota wala ya mbalamwezi. Jua huzichangamsha chembe za oksijeni huko juu, nazo huitoa nguvu ile kwa njia ya mwanga: wa kijani kiasi cha kilomita 100 kutoka ardhini, na mwekundu kati ya kilomita 200 na 300. Chembe ya kijani hutoa mwanga wake kabla ya sekunde moja kwisha. Ile ya mwekundu hukaa nao karibu dakika 2! Kwa hivyo jua likizibwa, wekundu hauzimiki papo hapo bali hufifia, na mwendo wa kufifia kwake hueleza hali ya tabaka lile. Machweo hayatoshi kwa kazi hii, kwani usiku huingia taratibu. Kupatwa hulifunika jua lingali juu ya vichwa.

Kuipima ni taabu. Hata jua lifichikapo, mbingu hubaki na weupe wa magharibi. Basi hutumiwa machujio mawili, moja la rangi ile hasa na jingine la rangi ya jirani, kisha hesabu ya pili hutolewa katika ya kwanza, mfano wa mama apimaye unga ndani ya bakuli akaondoa uzito wa bakuli.

Tabaka hilo ndilo zipitamo ishara za satelaiti. Karibu na ikweta huvurugika mara nyingi baada ya jua kutua, na mvuvi wa Lamu mwenye kifaa cha GPS aweza kuonyeshwa mahali asipo.

Wazazi, nuru hiyo haionekani mchana kwa macho, basi mtoto asiinue uso kuitafuta. Beseni la maji walitumialo baadhi yetu kutazamia jua halikingi macho, wala miwani ya kawaida. Na kwa kuwa hapa kwetu jua halitafichika lote, hakuna hata nukta moja ya kulitazama bila miwani maalumu ya kupatwa.