Umeniuza Bei Gani kwa Kilo?

Mwezi huu niruhusu niweke kando ya wachumba wanaonuniana, nikusimulie ya nyumbani kwangu. Ni habari ya biashara, lakini usifunue ukurasa haraka. Mapenzi yamo, tena tele!

Kama wewe na mwenzio mna kibiashara cha pembeni, iwe vitenge, keki, asali au mafuta ya nywele, na kila mwezi mnawaandikia wateja wenu barua pepe, basi haya yanakuhusu. Kaa mkao wa kula.

Mimi naishi Nachingwea. Mume wangu kazi yake iko Ruangwa, kwa hiyo sisi ni wale wa kuonana Ijumaa jioni na kuagana Jumatatu alfajiri. Huku kwetu korosho ndiyo benki. Msimu ukifika, minada ya chama kikuu cha RUNALI ikianza (jina hilo ni Ruangwa, Nachingwea na Liwale zilizoshikana mikono), mji mzima unachangamka. Madeni yanalipwa, mabati yanapanda juu ya nyumba, harusi zinapangwa. Mimi sishindani na wakubwa wa mnadani. Nabangua kiasi kidogo cha shamba la familia, nakaanga, nafungasha, natuma kwa basi kwa watu wa maofisini Dar es Salaam.

Hao watu wa maofisini niliwapataje? Kwa daftari. Kila aliyenunua nilimwomba anwani ya barua pepe, akaandika mwenyewe. Mwishoni mwa 2022 nilikuwa na majina 43, nikajiona tajiri.

Barua ya kwanza: kimya!

Nikakaa nikaandika. Kichwa cha barua nikakipa herufi kubwa tupu: TANGAZO! TANGAZO! KOROSHO BORA KULIKO ZOTE! Ndani nikamwaga sifa mpaka nikachoka. Nikatuma kwa wote 43 kwa mpigo.

Matokeo? Oda hakuna hata moja. Majibu yalikuja mawili. Mmoja aliuliza, "Samahani, wewe ni nani?" Wa pili alinikemea kwa sababu nilipanga anwani za wote pale juu, kila mtu akaona za wenzake. Sikujua kwamba kuna sehemu ya nakala ya siri ambapo majina hayaonekani. Aibu niliyoipata, sikufichi, nilifunga simu.

Ijumaa mume wangu alipokuja nikamwonyesha. Akasoma, akacheka, kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mke wangu, zamani ulipokuwa unaniandikia mimi, mbona hukunitangazia? Ulinisimulia tu umeshindaje, na mimi nikapanda basi."

Jamani! Siri yote ilikuwa hapo.

Wala si mimi wa kwanza kupigwa na butwaa. Mwaka 1978 Mmarekani mmoja, Gary Thuerk, aliyekuwa akiuza kompyuta za kampuni ya DEC, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 kwenye mtandao uliotangulia intaneti. Yeye wateja alipata, lakini waliokasirika hawakuwa wachache, na mpaka leo watu humtaja kama baba wa barua pepe za kero. Kwa hiyo ugonjwa wa kupiga kelele kwa watu ambao hawakukuita ni wa siku nyingi.

Nikaanza kuandika kama mtu

Barua iliyofuata haikuwa na sifa hata moja. Niliandika juu ya asubuhi ya kubangua: jinsi mafuta ya ganda la korosho yanavyochubua vidole, jinsi tunavyojipaka majivu mikononi, na harufu ya mabibo inavyoingia mpaka kwenye nguo za kanisani na za msikitini. Mwisho nikasema nina kilo 25, bei yake hii, basi linaondoka Jumatano. Nikaweka jina langu na namba ya simu. Basi.

Oda 11. Mtu mmoja aliandika kwamba amezaliwa huku, na harufu ile ameisikia akiwa kwenye kiti cha ofisi Posta. Tangu siku hiyo nikawa naandika mara moja kwa mwezi. Majina yakapanda mpaka 140. Nikaanza kujiita mtaalamu, na hapo ndipo kasheshe lilipoanza.

Barua iliyouza kuliko zote

Desemba 2023 mambo yalibana nyumbani. Mshahara wa mwenzangu ulichelewa ofisini kwake, na ada za shule zilikuwa zinatukodolea macho. Akachukua likizo akaja Nachingwea. Usiku, watoto wakishalala, alikuwa anakaa chini pamoja nami anabangua korosho kwa taa ya simu. Hakutaka majirani wamwone. Mwanaume wa watu, mwenye shati la kunyoosha, vidole vimekuwa vyeusi kama vyangu!

Nilimpenda upya, naapa. Nikaenda nikaandika. Nikaeleza kila kitu: mshahara, ada, taa ya simu, vidole vyeusi. Kichwa cha barua nikaandika: "Mume wangu anabangua usiku." Nikatuma bila kumwambia.

Oda 38 kwa siku mbili! Watu waliandika kwamba wamelia. Nikafurahi ile mbaya.

Alirudi kazini Jumatatu. Nisichokijua ni kwamba mmoja wa wateja wangu ana ndugu katika ofisi yake, na barua ile ilishatangulia kufika. Walimpokea kwa majina: "Bwana Taa ya Simu, karibu." Hata vijana anaowaongoza walijua kwamba ada imemshinda.

Ijumaa alikuja, akala, hakusema. Nikamuuliza kuna nini. Akanitazama kwa utulivu uliouma kuliko makelele, akasema:

"Umeniuza, mke wangu. Nataka tu kujua, bei gani kwa kilo?"

Msomaji wangu, mimi ni mwepesi wa kujibu, lakini siku hiyo ulimi ulikauka. Nilitaka kusema, "Lakini hela ile ndiyo imelipa ada." Ni kweli, ndiyo iliyolipa. Lakini je, nilikuwa na haki ya kuuza kitu kisichokuwa changu? Usiku ule alinikabidhi mimi, hakuwakabidhi watu 140.

Kuomba radhi bila kuuza tena

Shetani wa biashara alininong'oneza: mwombe radhi kwenye barua ya mwezi ujao, watu watapenda! Hebu fikiria. Hiyo ingekuwa kumpeleka sokoni mara ya pili. Nikakataa. Nilimwomba radhi kwa mdomo wangu, chumbani, na sikuongeza neno "lakini". Ilimchukua wiki kadhaa kulegea, na mimi sikumharakisha.

Tukawekeana sheria ndogo: sentensi yoyote inayomtaja yeye au watoto anaisoma kabla haijatoka. Akisema hapana, ni hapana, hata kama ingeuza gunia zima.

Sheria hiyo ilituokoa Mei 2024. Mnaukumbuka mwezi ule wa kimbunga Hidaya. Mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi kule Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakakwama. Vifurushi vyangu 26 vilikuwa vimeshalipiwa, na haviendi popote. Mimi nilitaka ninyamaze nisubiri maji yapungue. Mwenzangu akapiga simu kutoka Ruangwa: "Waandikie sasa hivi, kabla hawajauliza. Ukweli ukitangulia ni taarifa, ukichelewa unakuwa utetezi."

Nikaandika mistari saba. Barabara imekatika, mzigo haujaharibika, sijui utafika siku gani, anayetaka hela yake anijibu nimrudishie leo. Waliotaka hela ni watatu, nikawarudishia. Wengine 23 walisubiri. Nikamwonyesha idadi, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba nikamsikia akicheka kwa moyo.

Haya basi, ya kuchukua nyumbani

1. Andikia mtu mmoja. Mfikirie mteja mmoja unayemfahamu, mwandikie yeye. Ukianza na "Ndugu wateja wetu watukufu", umeshampoteza.

2. Kichwa cha barua kiwe kifupi na cha kweli. Simu inaonyesha maneno machache tu ya mwanzo. "Kilo 25 za msimu mpya" inatosha. Usiandike "Zinaisha leo!" wakati stoo imejaa.

3. Barua moja, ombi moja. Ukimwambia anunue, akupigie kura, na amtumie rafiki, hatafanya hata moja.

4. Usiahidi makubwa. Sisi wa Nachingwea tunalijua hili. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga, wakisema watalima ekari zaidi ya milioni tatu katika Tanganyika na nchi za jirani. Walijenga mpaka reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukatupwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimekwenda na maji. Mteja akidanganywa mara moja, hakusikilizi tena hata ukimletea dhahabu.

5. Omba ruhusa, na muache anayetaka kuondoka aondoke. Namba ya mtu uliyoiokota kwenye mchango wa harusi si mteja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na anwani ya mtu ni taarifa yake. Akisema basi, mfute siku hiyohiyo, usimnunie.

6. Simulia ya kwako. Ya mwenzio muulize kwanza. Hii ndiyo niliyoilipia bei kubwa kuliko zote.

Najua wapo watakaosema, "Lakini dada, habari za ndani ndizo zinazouza." Kweli kabisa, zinauza. Hata mimi nimekuambia oda zilikuwa 38. Lakini siku wateja wamelala, nani anakaa na wewe chini, kwa taa ya simu?

Utaniuliza pia, mbona leo nimeyaanika hapa gazetini? Nilimpa aisome Ijumaa iliyopita. Alichukua kalamu akafuta sentensi mbili, ambazo hutazijua kamwe. Ile ya "bei gani kwa kilo" nilidhani ataifuta ya kwanza. Akaiacha. Akasema, "Hiyo waache wasome. Huenda kuna mwingine anataka kutuma usiku huu."

Je, ni wewe? Chonde chonde, mwamshe mwenzio kwanza.

Tukutane mwezi ujao.