Nani Kasema Watu wa Kilimarondo Hawatalii?

Kila msimu wa sikukuu ukikaribia, lazima mtu aseme redioni au mtandaoni kwamba Watanzania hatuna utamaduni wa kutalii. Husemwa kwa upole, kama daktari anayemsomea mgonjwa majibu ya vipimo. Dawa hufuata hapo hapo: chukua familia, nenda hifadhini, piga picha na twiga, rudi nyumbani ukiwa mzalendo.

Nasema kauli hiyo ni uongo, tena uongo wenye madhara. Ukitaka kuupima, usiende Arusha. Nenda Kilimarondo.

Kilimarondo iko wilayani Nachingwea, mkoa wa Lindi, mbali na lami na mbali na bahari. Ni nchi ya miombo, msitu ule unaopukutika na kuwa kama umekufa wakati wa kiangazi, kisha ukachipua majani mekundu hata kabla mvua haijanyesha. Mvua za kwanza zikishapiga, akina mama hutoka alfajiri na watoto kwenda kuokota uyoga. Anayejua yupo mbele, wasiojua wapo nyuma, na mtoto akiokota wa sumu anapigwa kibao cha mkono na kuambiwa kwa nini. Kiangazi kikikaza, watu huingia vichakani kuchimba ming'oko, vile viazi pori ambavyo ukienda Masasi au Mtwara utavikuta vimechemshwa na kupangwa mafungu, vikisubiri chumvi na pilipili. Vijana huwafuata wajomba zao kurina asali. Na kwa kuwa Kusini mjomba ni mtu mzito kuliko baba katika mambo mengi, safari ile ya asali ni darasa, ni nasaba, ni matembezi, vyote kwa pamoja.

Bibi yangu alikuwa hachimbi ming'oko bila hadithi. Alikuwa akifuata mzizi kwa kijiti, taratibu, huku akieleza mti ule wa pembeni unatibu nini na shimo lile ni la mnyama gani. Akishatoa kiazi, alirudisha kichwa cha mmea ardhini na kukifukia. "Mwakani naye atakula nini?" alikuwa akiuliza. Sikuwahi kujua kama "naye" alikuwa ni mtu, nguruwe pori au msitu wenyewe.

Utasema hiyo si kutalii, ni kutafuta chakula. Sawa. Basi niambie familia ya Ufini inayoingia msituni Jumapili na vikapu, kuokota uyoga na matunda pori, inafanya nini? Kule na Uswidi, haki ya kila mtu kutembea msituni na kuokota vinavyoota porini inaheshimiwa hata kwenye ardhi ya mtu binafsi, ilimradi usiharibu. Uswidi imeitaja haki hiyo katika katiba yake tangu mwaka 1994. Tendo ni lile lile, kikapu ni kile kile. Mmoja anaitwa mpenda mazingira. Mwingine, mama wa Kilimarondo, anaitwa maskini, na akivuka mpaka asiouona anaitwa mvamizi.

Tumefikaje hapa? Tumeelezwa asili ni nini na watu ambao hawakuwa wakiishi ndani yake. Wajerumani walikuja Lindi, na kati ya mwaka 1909 na 1913 wakachimbua mifupa ya mijusi mikubwa ya kale kwenye kilima cha Tendaguru. Mamia ya wenyeji waliichimba na kuibeba kwa miguu hadi bandarini. Leo mmoja wa wanyama wale amesimama Berlin, urefu wake zaidi ya mita 13, na familia za Kijerumani humwendea mwisho wa juma, watoto wakiwa mabegani kwa baba zao. Waingereza nao walipofika Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940 waliona karanga. Walifyeka msitu kwa matrekta, wakajenga reli kutoka Mtwara, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940, Wangindo wengi wa Liwale walihamishwa kutoka ardhi yao kwa sababu iliyotajwa kuwa ni malale, na sehemu kubwa ya nchi yao ikamezwa na pori la akiba lililopewa jina la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza.

Pori hilo wenyeji wameliita kwa muda mrefu Shamba la Bibi. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Ni jambo la kujivunia. Lakini hebu tuihesabu safari ya familia ya Nachingwea inayotaka kuitalii. Utalii wa kuangalia wanyama umejikusanya kaskazini, ukingoni mwa Rufiji. Kwa hiyo familia inayoishi upande wa kusini mwa pori inashuka Lindi, inapanda Nangurukuru, inafika Kibiti, inakata kwenda Mloka, ndipo ilione lango la Mtemere. Inalizunguka pori zima ili iingie kwa mlango wa mbele. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu, nakubali. Ila kiingilio si safari. Safari ni nauli ya watu sita, malazi, na gari la kuzungukia, maana hifadhini huruhusiwi kujitembelea kwa miguu peke yako. Mkulima wa ufuta akishindwa hesabu hiyo, tunamwambia hana utamaduni.

Wakati huo huo mnyama yule anayetakiwa kulipa nauli kwenda kumwona, anamwona bure shambani kwake usiku. Tembo wa Selous walikuwa zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970. Kufikia mwaka 2013 ujangili ulikuwa umewabakiza kama 13,000. Kuwalinda ni wajibu, na njia zao za kupita kutoka Selous hadi Niassa, Msumbiji, lazima zibaki wazi. Lakini njia hizo zinapita katika wilaya hizi, si Masaki wala Oysterbay. Na tembo akiua mtu, sheria yetu haitumii neno fidia. Inasema kifuta machozi. Akila shamba, ni kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa uhai wa mtu. Neno limechaguliwa vizuri: mtu anafutwa machozi, hadaiwi kitu, hadai kitu.

Kauli ya kwamba hatutalii inageuza kunyimwa kuwa tabia. Inachukua familia iliyofungiwa msitu kwa mipaka, ikatishwa tamaa kwa umbali na kutishwa na tembo, kisha inasema tatizo ni wao hawapendi asili. Kibaya zaidi, watoto wanaisikia na kuiamini. Mtoto wa Kilimarondo aliyefika sekondari anajifunza kwamba mazingira ni Serengeti, na kwamba kule alikotoka ni porini. Akirudi likizo anaona haya kushika kijiti cha ming'oko.

Nawe msomaji wangu uliyesoma, uliyepiga picha Mikumi umevaa kofia ya khaki, usicheke. Taja miti mitano iliyo nyuma ya nyumba ya bibi yako. Mwembe na mkorosho usivihesabu. Kama mninga unaujua kwa kitanda tu na mpingo kwa kinyago tu, basi wewe ndiye usiye na utamaduni wa kutalii. Uliyeachiwa maktaba ukaenda kununua kalenda.

Najua nitakachojibiwa. Kwamba wanakijiji ndio wanaochoma moto, ndio wanaokata mkaa, ndio wanaofyeka msitu kila mwaka kupata shamba jipya la ufuta. Ni kweli, wapo, na ufuta umekula miti mingi Lindi. Lakini dawa ya mtu anayekata mti asioujua haiwezi kuwa kumweka mbali zaidi na mti. Jirani zetu wa Kilwa wameshaonyesha njia nyingine. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji kinaweza kuwa na hifadhi yake ya msitu. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa ikapata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, na wanakijiji wakaanza kuuza mpingo wao kihalali na kwa bei ya maana. Walipopewa msitu, waliuhesabu mti mmoja mmoja.

Watasema pia kwamba kumpeleka mtoto msituni penye tembo ni wazimu. Hata mimi simpeleki wangu bila mwenyeji na bila kuuliza njia. Ndiyo maana askari wa wanyamapori wa vijiji wapo, na hawapaswi kuwepo kwa ajili ya mtalii na mwindaji pekee.

Kwa hiyo madai yangu ni machache na hayahitaji ndege. Kila kijiji chenye hifadhi ya msitu kitenge sehemu ya matembezi ya familia, yenye njia zinazojulikana, msimu unaojulikana na askari wa kijiji anayejua tembo walilala wapi. Shule za msingi za Nachingwea na Ruangwa ziwape bibi na wajomba kipindi kimoja kwa juma, nje ya darasa, wafundishe uyoga, asali na majina ya miti kwa Kimwera, kwa Kingindo, kwa Kiyao na kwa Kiswahili. Hifadhi kubwa zifungue milango ya kusini na kuweka siku za wanavijiji wa jirani, basi likiwaleta na kuwarudisha. Na kifuta machozi kiitwe fidia, kilipwe kama fidia, maana huwezi kumfundisha mtoto kumpenda mnyama aliyemuua baba yake kwa bei ya pikipiki iliyotumika.

TANAPA wana kaulimbiu nzuri: Tumerithishwa, tuwarithishe. Mimi sina ugomvi nayo. Nauliza tu huyo "tu" ni nani. Kama na mama mwenye kikapu cha uyoga yumo, mwondoleeni jina la mvamizi. Kama hayumo, basi tusiseme urithi. Tuseme mali ya watu wengine, iliyo jirani na kwetu.