Aibu Isiwe Hukumu ya Wazee Wetu

Katika baraza za Mji Mkongwe, kuanzia Malindi hadi Shangani, wanaume huzungumza kila jambo chini ya jua: siasa, mpira, bei ya mchele na safari za bahari. Lipo hata hivyo jambo moja ambalo wengi huondoka nalo barazani bila ya kulitaja, nalo ni maradhi ya tezi dume. Mzee huamka mara nne au tano usiku kwenda haja ndogo, akasimama kwa muda mrefu na asipate ila matone. Mwengine, aliyekuwa hakosi safu ya mbele katika sala ya alfajiri, sasa husali nyumbani kwa sababu mkojo humvuja na ana wasiwasi juu ya udhu wake. Watu hudhani amepoa, kumbe anaumwa.

Tezi dume ni kiungo alicho nacho kila mwanamme. Ipo chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na katika ujana ukubwa wake haupiti ndimu ndogo. Umri unapoendelea, tezi hii hukua. Inapokua huubana mrija, na hapo ndipo taabu zinapoanza. Kukua huku si saratani. Wanaume wanaokaribia nusu huwa nako wanapofikia umri wa miaka 60, na huzidi kwa kadiri miaka inavyoongezeka. Tiba yake inajulikana: zipo dawa za kuulegeza mrija, zipo za kuipunguza tezi, na upo upasuaji kwa yule ambaye dawa hazikumfaa. Anayevumilia mno huishia kuletwa hospitali usiku, mkojo umemziba, akatiwa mpira kwa haraka. Wengine hufika wakati mafigo yameshadhurika.

Saratani ya tezi dume ni jambo jengine, na hatari yake kubwa ni ukimya wake. Mara nyingi haina dalili yoyote mwanzoni. Maumivu ya mgongo na ya mifupa ya nyonga hutokea inapokuwa imekwishatambaa. Kwa hesabu za kimataifa za mwaka 2022, wanaume zaidi ya 1,400,000 waligunduliwa kuwa na maradhi haya duniani, na karibu 400,000 walifariki. Katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume. Wenye asili ya Kiafrika, na wale ambao baba au ndugu zao waliugua, wamo katika hatari zaidi. Wataalamu waliochapisha ripoti yao katika jarida la Lancet mwaka 2024 walikadiria kwamba wagonjwa wapya watafikia 2,900,000 kwa mwaka ifikapo 2040, na kwamba nchi zenye kipato kidogo ndizo zitakazoelemewa zaidi.

Maradhi haya hayachagui cheo. Mobutu Sese Seko, aliyeitawala Zaire kwa zaidi ya miaka 30, yalimmaliza uhamishoni Morocco mwaka 1997. Mzee Nelson Mandela aligunduliwa nayo mwaka 2001, umma ukaelezwa waziwazi, akatibiwa kwa mionzi, na akaishi hadi mwaka 2013. Kuugua kwake hakukumvunjia heshima, na kutangazwa kwake kuliwapa wengine ujasiri.

Wapo wanaokimbia uchunguzi kwa kuogopa kidole cha daktari. Hofu hiyo imepitwa na wakati. Uchunguzi unaweza kuanza kwa kipimo cha damu kiitwacho PSA. Lakini lazima tuseme ukweli wote: kipimo hicho hakitoi hukumu. Kiwango hupanda kwa saratani, na hupanda pia kwa tezi iliyokua tu au iliyoingiwa na vijidudu. Ili kuhakikisha, hutakiwa vipimo zaidi, na mwishowe kuchukuliwa vinyama vidogo vya tezi vikachunguzwe maabara. Tena, baadhi ya saratani hizi huenda polepole mno, na mgonjwa anayefuatiliwa vyema huenda asihitaji kukatwa wala kuchomwa. Wengine huhitaji upasuaji, mionzi, au matibabu ya kuzuia homoni za kiume. Tiba hizi zaweza kuleta udhaifu wa nguvu za kiume au mkojo kutoka bila ya hiari, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa hayo kabla, si baada.

Hapa ndipo tunapowageukia wenye dhamana. Kambi za uchunguzi za siku mbili tatu tunazishukuru, lakini kumwambia mvuvi wa Nungwi au mkulima wa Makunduchi kwamba damu yake ina kasoro, kisha kambi ikavunjwa, ni kumkabidhi hofu bila ya njia. Kipimo kiwe mwanzo wa njia iliyokamilika: kituo cha afya cha karibu, daktari bingwa Mnazi Mmoja, jibu la maabara lisilochelewa, na tiba. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Unguja anayehitaji mionzi amelazimika kuvuka bahari hadi Ocean Road, Dar es Salaam, akiwa na nauli, mtu wa kumuuguza na pahala pa kulala kwa wiki kadhaa. Gharama hizo nazo ni sehemu ya tiba, na ziingizwe katika hesabu.

Visiwa vyetu vina uwezo wa kulifanya hili. Mwaka 2001 Zanzibar ilianza kugawa dawa za kuyazuia matende na mabusha kwa wananchi wote, Unguja na Pemba. Mabusha nayo yalikuwa aibu ya wanaume, yakifichwa ndani ya kanzu na vikoi. Serikali ilipoyasema hadharani, watu walijitokeza.

Masheha na maimamu walitaje jambo hili kama yanavyotajwa maradhi mengine. Kinamama, ambao wamezoea kuhimizwa kupima saratani zao, wawahimize waume zao. Na kila mwanamme aliyefikia miaka 50, au 45 ikiwa katika ukoo wake yupo aliyeugua, aende akazungumze na daktari, hata kama hajisikii vibaya.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwananchi aache kuyaficha, na Serikali ihakikishe kwamba atakayeyafichua hatarudishwa nyumbani mikono mitupu.