NAMBA MOJA KUBWA YATOSHA SOMO LA VIGAWO

Walimu wengi wa hisabati hufundisha vigawo kwa namba ndogo tu: 12, 24, 36. Namba hizo zafaa kwa kuanzia, lakini mwanafunzi amekwisha kuyajua majibu yake katika jedwali la kuzidisha, hana tena la kutafuta. Maoni yangu ni kwamba baada ya mifano hiyo darasa lipewe namba moja kubwa, tena ya kweli, nalo liichambue mpaka mwisho.

Naipendekeza 61,741,120, yaani idadi ya watu wa Tanzania katika Sensa ya mwaka 2022. Kila mtoto wa Kiwangwa aliyehesabiwa yumo ndani yake.

Mwanzo hauhitaji kugawanya. Namba yaishia na 0, basi 2 na 5 ni vigawo. Jumla ya tarakimu zake ni 22. Kwa hiyo 3 si kigawo. Hata alama za mkato zina kazi. Jumlisha makundi ya pembeni, 61 na 120, upate 181. Toa katika 741, zibaki 560. Kwa kuwa 7 × 11 × 13 ni 1,001, namba yetu hugawanyika kwa 7, 11 au 13 pale tu 560 inapogawanyika. Basi 7 imo, 11 na 13 hazimo.

Tukiondoa 2 mara sita, 5 na 7, yabaki 27,563. Hapa mwalimu agawe vikundi 9, kila kimoja na namba yake tasa: 7, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41 na 43. Vikundi vinane vitarudi na baki, na mwalimu avipongeze, maana kila kimoja kimefunga njia moja isiyofaa. Kikundi cha 43 kitaleta 641. Nayo 641 ni ndogo kuliko 26 × 26, hivyo yatosha kuijaribu kwa tasa zisizozidi 23. Hakuna inayoigawanya. Jibu ni 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641.

Asiyeelewa tasa apewe mananasi, ambayo Kiwangwa hayaadimiki: 42 hupangika kwa safu sawa kwa namna nyingi, 43 hukataa, ila yakae safu moja au moja moja.

Hiyo 641 ina historia. Pierre de Fermat wa Ufaransa aliamini kuwa 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Sifa za Fermat hazikuweza kuizuia namba ile isigawanyike. Mwanafunzi anayelijua hilo atathubutu kukagua hata jibu la mwalimu wake, na hiyo ndiyo elimu tunayoitaka.

Wako watakaosema kwamba muda hautoshi na mtihani u karibu. Lakini katika kazi hii moja mna kanuni za kugawanyika, kugawanya kurefu, vipeo na namba tasa, mambo ambayo huchukua vipindi vingi yanapofundishwa mbalimbali.

Tahadhari moja tu: vigawo hivi havisemi lolote juu ya maisha ya watu. Angalihesabiwa mtoto mmoja zaidi, vyote vingalitoweka, kwani namba mbili zinazofuatana hazishiriki kigawo isipokuwa 1. Wanafunzi waambiwe wathibitishe hilo wenyewe.