Bastola ya Upepo Haiuzwi kwa Kilo

Mwandishi anayetaka bunduki na bastola za upepo za Kiingereza ziishie kwa wanunuzi wa chuma chakavu amekosea mizani. Hapa Katoro hakuna anayepima dhahabu kwa mzani wa viazi.

BSA ya Birmingham, ambayo wazee wetu waliijua kwa baiskeli na pikipiki, ilianza kutengeneza bunduki ya upepo mwaka 1905, kwa ubunifu wa Lincoln Jeffries. Kampuni ya Webley ikaleta bastola yake ya upepo mwaka 1924: mtutu umelala juu ya silinda, ukiuinua unakaza springi, ukifyatua, pistoni inasukuma hewa. Baruti hakuna. Ngozi ya pistoni ikikauka, fundi viatu mzuri anaweza kukata nyingine. Huo ndio ufundi ambao mwandishi huyo anataka upondwe kwa nyundo?

Anasema bastola hizi ni silaha. Sawa, kirisasi cha milimita 4.5 kinapofua jicho, na mtoto asiguse. Lakini hilo ni suala la polisi na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Mnunuzi wa chakavu anahusikaje? Yeye hata namba ya kiwandani haisomi.